Komando na Kamba Yake

Mbwa wangu anaitwa Komando. Jina alipewa na mlinzi aliyemleta akiwa mdogo, kabla hatujajua kwamba anaogopa ufagio, mwavuli na mfuko wa rambo. Rambo zenyewe zilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini Komando bado anazikuta, sijui wapi.

Kumfundisha kutembea na kamba tulianzia mbali. Kwanza kamba ililazwa tu kando ya bakuli lake aizoee. Kisha akavishwa mkanda wa shingoni wakati wa kula, akawa anaiburuza uani mwenyewe. Halafu ikawa kusimama getini, geti wazi, tunaangalia barabara kama wastaafu. Bodaboda ikipita bila yeye kujificha nyuma yangu, anapata kipande cha firigisi. Mke wangu akaniuliza kwa ule upole wa hatari: "Hivi siku hizi baba mwenye nyumba ni nani?"

Jumamosi moja jioni tukatoka. Kamba nimeilegeza, maana mbwa mwoga ukimvuta naye anavuta kwake, na hofu inazidi. Mkia kaufyata, lakini firigisi anapokea, na mbwa aliyezidiwa na hofu huwa hata nyama haitaki. Tukafika hadi kwa fundi cherehani. Nikaanza kuwapungia watu mkono.

Ndipo kwenye kona akatokea yule muuzaji na spika yake: "Dawa ya panya! Dawa ya kunguni! Dawa ya mende!"

Komando hakubweka. Alirudi kinyumenyume, mkanda ukapita kwenye masikio, kichwa kikachomoka. Mimi nikabaki na kamba, na mwisho wa kamba duara tupu.

Mbwa wa namna hii hakimbizwi. Ukimfuata mbio anakwenda hadi Kibaha. Unachuchumaa, unamgeuzia ubavu, unamwita taratibu. Basi nikachuchumaa katikati ya mtaa wa Sinza, firigisi mkononi, nabembeleza: "Njoo baba, njoo." Watoto wakajaa. Mzee mmoja akasimama, akautazama ule mkanda mtupu kwa muda, akasogea nyuma hatua moja.

"Anauma?"

Kabla sijajibu, muuza dawa naye akafika, spika bado inapiga kelele. Akaiona ile nyama, akanihurumia. "Kaka, panya hategwi hivyo. Chukua hii, mia tano tu."

Komando tulimkuta ndani ya bajaji iliyoegeshwa jirani na genge, kajikunyata kwenye kiti cha abiria. Kushuka hataki. Nikimgusa anajibana zaidi. Dereva akaona isiwe tabu, akawasha, tukarudi nyumbani kwa usafiri, mimi nimening'inia pembeni.

"Buku mbili," akasema getini.

"Buku mbili? Si hapo tu kwa fundi cherehani!"

"Mko wawili, bosi."

"Na mbwa naye analipa?"

"Yeye ndiye kakaa kwenye kiti. Wewe nimekupa lifti."