Futari ya Samaki Aliyefunga

Asubuhi ya leo mke wangu amesimama mlangoni mwa jiko akiwa na kopo tupu mkononi, akaniuliza kwa sauti ile ya upole ambayo kila mume mwenye akili huiogopa kuliko kelele: "Baba Zuhura, ubuyu wangu umekwenda wapi?" Nami, mtu mzima mwenye mvi, mzaliwa wa Pangani ambako mtoto hujua kufunga ndoana kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, nimelazimika kutamka kwamba ubuyu wake, ule uliotoka Unguja ndani ya sanduku la mama wa watu, umo chini ya mto Duwamish, kusini mwa Seattle. Akanitazama, akalitazama kopo, akasema "Haya." Mwenye ndoa anajua uzito wa neno hilo.

Naomba nieleze mazingira, maana sikuanza siku hiyo nikiwa mwizi wa ubuyu.

Mwaka 2025 ni mwaka wa witiri, na kila mkazi wa upande huu wa jimbo la Washington anajua maana yake: samoni wa waridi, yule ambaye dume lake huota nundu kama ng'ombe wa Kimasai, hurudi kwa wingi katika mito ya huku miaka ya witiri tu. Wakirudi, huruka hewani mbele ya macho yako, chubwi, chubwi, kama watoto wanaotupwa majini na kaka zao. Huwezi kukaa nyumbani. Nilikata leseni, nikapewa na kadi ya kuandika kila samaki nitakayemweka. Kadi hiyo nimeitunza vizuri sana. Haina hata alama ya kalamu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiburi cha mtu wa pwani. Nilijisemea kwamba mto unaoingiwa na maji ya bahari ni mto ninaoujua, kwa kuwa nimekulia kwenye bamvua na maji mafu, na hakuna Mmarekani wa kunifundisha kujaa na kupwa. Kumbe huku maji hupwa mara mbili kwa siku, lakini mapwa hayo mawili si ndugu: moja hushuka mpaka tope linaonekana na matairi ya zamani yanatoka kupunga hewa, na la pili hushuka kidogo tu, kama mtu anayetoa salamu asiyotaka kuitoa. Mara mbili nilitoka kazini kwenye zamu ya usiku nikakimbilia mtoni kwa hesabu za Pangani, nikafika wakati maji yamesimama na samaki wote wameshapita. Pembeni yangu kulikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi aliyekuwa akivua kwa kijiplastiki cha waridi kisicho na harufu wala ladha, naye alikuwa na samaki watatu.

Ndipo nikaingia katika mambo ya chambo.

Wenyeji wana chambo chao, nakiri. Huchukua mayai ya samoni mwenyewe, wakayakausha kwa boraksi (kemikali ya unga mweupe isiyoliwa), chumvi, sukari na rangi nyekundu, wakayatundika chini ya kiboya na kuyaacha yaelee na maji yanayojaa. Wengine hutumia kamba wadogo wanaofukuliwa kwenye tope la pwani, au kipande cha heringi kilichokatwa kimshazari ili kizunguke majini. Nilipouliza bei ya kichupa kimoja cha mayai yale dukani, nilikirudisha rafuni taratibu kwa mikono miwili. Nikaamua kuvua kwa akili. Dagaa wa Kigoma alivimba, akakatika na kuondoka zake. Kitumbua hakikufika hata majini. Kiliniacha hewani nikiwa natupa mshipi, kikaangukia kofia ya mzee mmoja ambaye hakusema kitu. Ngisi alinipatia samaki mmoja mwenye kichwa kikubwa na miiba, nikashangilia, mpaka nilipooneshwa bango la ukingoni linaloeleza kwa lugha kadhaa kwamba kaa na samaki wakazi wa mto huu wasiliwe kwa sababu ya sumu za viwanda vya zamani, na kwamba samoni ndiye afadhali, kwa kuwa yeye ni mpita njia. Nilimrudisha yule mkazi nyumbani kwake.

Wazo la ubuyu lilinijia saa tisa za usiku nikiwa kazini, saa ambazo mtu hapaswi kuamini wazo lolote. Lakini hebu nawe fikiri: ni mwekundu, ni wa mviringo, umepikwa kwa sukari na rangi, unang'aa ukilowa. Ukiondoa boraksi na kuongeza iliki, ni mapishi yaleyale! Nikachukua kopo. Nilikusudia kutumia tembe kumi tu.

Nilikuwa nimefunga tembe tatu ndani ya kipande cha wavu wa soksi, nimeshazitupa majini mara nne kwa heshima zote, pale afisa wa wanyamapori alipotokea nyuma yangu. Alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye daftari. Akaomba leseni, nikatoa. Akaomba kadi, nikatoa, akaigeuza upande wa pili kutafuta samaki, akanirudishia kwa huruma. Akapitisha ndoana yangu kwenye kitambaa ili ahakikishe haina ule mwiba wa kumzuia samaki asichomoke, nayo haikuwa nao. Kisha akaliona kopo.

"Bwana, haya ni mayai ya samaki gani?"

"Si mayai," nikamjibu. "Ni mbegu za tunda la mti."

"Mti gani?"

Hapo, badala ya kujibu kwa neno moja kama mtu mwenye haraka ya kurudi kwenye mshipi wake, nilianza kumweleza mbuyu: unene wake, kwamba huweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba bibi yangu alinikataza kupita chini yake magharibi. Akaandika. Akatoa simu akaanza kusoma kanuni, akashuka nazo kwa kidole muda mrefu, na mimi nikaanza kutoa jasho, kwa kuwa mtu mwenye karatasi za uhamiaji hapendi kuona mtu mwenye sare anasoma kwa utulivu. Ili kumthibitishia kwamba ni chakula cha binadamu, nikachukua tembe moja nikaitia kinywani.

Yule kijana alipiga kelele. Kwake yeye, nilikuwa nimetia mdomoni chambo chenye boraksi. "Tema! Bwana, tema!" Sasa ubuyu hautemwi; ubuyu humung'unywa. Nikawa namwashiria kwa mkono asubiri, yeye anashika redio yake, na ukingo mzima umegeuka kututazama. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Uvira, mvuvi wa ziwa Tanganyika tangu utotoni, ambaye alikuja mbio, akachungulia kopo, akachota, akala. Nyuma yake akaja bibi mmoja wa Kikambodia, akaonja, akatoa mfukoni kikaratasi cha chumvi na pilipili, akachovya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Afisa akabaki na redio mkononi. Nikamnyooshea kopo. Akachukua moja, kwa ajili ya uchunguzi. Kisha akachukua nyingine. Dakika kumi baadaye alikuwa anaendelea na ukaguzi kando ya mto akiwa na midomo myekundu kama bibi harusi, na mimi nilikuwa na kopo lenye vumbi la sukari.

Kwa hiyo mke wangu nimemwambia robo tu ya ukweli. Kilichomo mtoni ni tembe tatu. Zilizobaki zimo ndani ya serikali.

Mzee wa Uvira, akijipangusa vidole, ndiye aliyenivunja moyo kabisa. "Papa," akaniambia, "ile samaki haina njaa. Iko na hasira tu. Unaipatia chakula ya nini?" Nikaenda kusoma, nikakuta amesema kweli: samoni akiingia kwenye maji baridi ya mto huacha kula, tumbo lake hunywea, husafiri kwa mafuta aliyoyabeba kutoka baharini, akishazaa anakufa. Akiuma kitu, huuma kwa kuudhiwa au kwa mazoea ya zamani. Yaani kiumbe amefunga, na mimi wiki tano nimesimama ukingoni namwandalia futari! Tena nikakuta kwamba katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada waliosha mikono yao juu kidogo ya mahali samoni walipokuwa wakipanda, na samaki wakasita, kwa kuwa pua zao zinaitambua kemikali iitwayo serini iliyomo katika ngozi ya binadamu. Kumbe vitumbua na dagaa wale wote niliwafinyanga kwa mikono hii hii, niliyotoka nayo ghalani. Ningejua, ningebaki nimelala. Saa kumi na mbili za kubeba maboksi, kodi ya nyumba tarehe moja, na bado natakiwa nitafute namna ya kumtukana samaki!

Lakini kama kazi ni kuudhi, basi tusikate tamaa mapema. Ndani ya friji, nyuma ya maziwa, ipo achari ya embe ya mama mkwe wangu, nyekundu, ya mafuta, kali kiasi kwamba mimi mwenyewe huila nikiwa nimeketi. Kesho maji yanaanza kujaa saa kumi na moja alfajiri, na mke wangu huamka saa moja. Nimeshanunua glavu.