Makubadhi ya Gandhi na jirani yake wa London

Sisi Wazanzibari hatuna mkono wa kuchonga watu. Ukitaka kumuenzi mtu Unguja au Pemba, utaipa jina lake skuli, uwanja au barabara, na mwenye uwezo atamchimbia kisima ili wanywaji wamuombee dua. Ukitaja sanamu tu, mzee wa kwanza barazani atakuuliza dini umeiacha wapi. Zile za Mkunazini, pembeni ya kanisa, watu watano ndani ya shimo na minyororo shingoni, zimewekwa kukumbusha soko la watumwa. Hazimtukuzi mtu, na kuziona lazima uinamishe kichwa.

Pamoja na hayo, nina langu la kusema kuhusu sanamu ya Mahatma Gandhi iliyopo London, Parliament Square, ng'ambo ya barabara tu kutoka Bunge la Uingereza. Ni ya shaba, kazi ya mchongaji Philip Jackson, na ilizinduliwa Machi 14, 2015. Amejifunika shuka lake, kwa mfano wa picha aliyopigwa huko huko London mwaka 1931. Amitabh Bachchan alihudhuria uzinduzi, na kwa mama zetu waliokulia sinema za Kihindi hilo peke yake lingetosha kuwa habari ya wiki nzima.

Gandhi si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 23, mwanasheria asiye na jina anayekwenda Afrika Kusini kutafuta riziki, alishuka Unguja kubadilisha meli na akakaa siku nane au kumi. Alipanga chumba mjini akazunguka. Ameandika mwenyewe kwamba alistaajabu ukubwa wa miti yetu na matunda yetu.

Waliotangaza kwamba sanamu itajengwa ni mawaziri wawili wa Uingereza, mwaka 2014, wakiwa ziarani India. Katika ziara hiyo hiyo ulitangazwa mkataba wa kuiuzia India makombora, wa thamani ya pauni milioni 250. Mtu aliyekataa kunyanyua hata fimbo kupiga, anatajwa kwenye safari ya biashara ya silaha! Ndiyo maana serikali ikisema inamuenzi mtu wa amani, mimi huuliza kwanza siku hiyo imeuza nini.

Lakini sanamu ile naipenda, na sababu ni jirani yake. Katika uwanja ule ule yupo Jan Smuts, tangu 1956, na sare yake ya kijeshi, anatembea mikono nyuma. Smuts ndiye waziri wa Afrika Kusini aliyemtia Gandhi jela, na si mara moja. Wahindi walikuwa wakidai mambo yao, ikiwemo kufutwa kodi ya pauni tatu kwa wale waliomaliza mikataba yao ya kazi na kukataa kurudi India. Mwaka 1913 wakaandamana kwa maelfu, wachimba makaa ya mawe wakagoma, jela zikajaa. Mwisho wake wale wawili wakakaa wakazungumza, na mwaka 1914 kodi ikafutwa kwa sheria.

Gandhi alipokuwa anaondoka Afrika Kusini mwaka ule alimwachia Smuts zawadi: makubadhi ya ngozi aliyoyashona kwa mikono yake akiwa jela. Hebu fikiria mfungwa akae chini, akate ngozi, atoboe, ashone kamba, amtengenezee viatu aliyemfunga. Naye Smuts aliyavaa, miaka na miaka. Mtu huyu huyu, Gandhi alipopanda meli, aliandika barua akitumai kwamba huyo mtakatifu ameondoka moja kwa moja. Gandhi alipofika miaka 70, mwaka 1939, Smuts akamrudishia makubadhi, akasema ameyavaa majira mengi ya joto ingawa anajiona hastahili kusimama kwenye viatu vya mtu mkubwa kiasi kile.

Basi leo wote wawili wamo kwenye kiwanja kimoja. Sidhani kama London ilipanga hivyo. Zimepita karibu miaka 60 baina ya sanamu ya kwanza na ya pili. Lakini mtu wa amani akisimamishwa peke yake, sisi watazamaji tunasahau kwamba alikuwa na wa kupatana naye, na kwamba huyo wa pili naye alilazimika kumeza kitu.

Si kwamba hesabu za Gandhi na Mwafrika zimefungwa. Maneno aliyoyaandika juu ya watu weusi katika ujana wake huko Afrika Kusini yanauma, na mapatano yake na Smuts hayakumgusa mwenye nchi. Chuo Kikuu cha Ghana kiliwekewa sanamu yake mwaka 2016, wahadhiri wakapinga, ikaondolewa Desemba 2018. Siwalaumu.

Huku kwetu tunayo amani ya watu wawili, na tumeigawa nusu nusu. Baada ya Januari 2001, watu walipopigwa risasi na Wapemba wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa majahazi, nani angeamini kwamba Novemba 5, 2009 Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, angeingia Ikulu akazungumza na Rais Amani Karume? Julai 31, 2010 Wazanzibari tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maalim amefariki Februari 2021. Tangu hapo nikisikiliza barazani, wa upande huu wanamtaja mmoja tu, wa upande ule wanamtaja mwengine, kama kwamba mtu anaweza kupatana na ukuta.

Sanamu sizitaki, mzee wa barazani atulie. Nataka barabara moja, iwe ya Pemba, yenye majina yao yote mawili kwenye kibao kimoja. Najua ugomvi wa kwanza utakuwa jina la nani litangulie. Nashauri kibao cha kwendea kianze na mmoja, cha kurudia kianze na mwengine.