Ripoti ya zamu isomwe kitandani, mgonjwa akisikia

Wenzangu niliosoma nao uuguzi Mbeya wakinipigia simu huulizia mashine: huku Uingereza mnatumia vifaa gani? Vifaa vipo vingi, lakini ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuhamishia nyumbani, ningechagua namna tunavyopokezana zamu.

Nipo wodi ya wazee. Kila zamu yetu ina urefu wa saa kumi na mbili, na zimepangwa zipishane kidogo, ili anayetoka na anayeingia wakutane wote wakiwa bado kazini. Tukishapitia karatasi tunazunguka kitanda kwa kitanda. Anayetoka anamtambulisha mwenzake kwa mgonjwa, kisha anaeleza hali ya sasa, historia yake, tathmini, na nini kifuate. Mpangilio huo ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, hospitali zikauchukua. Mgonjwa anasikia yote, na tukikosea anatukatiza. Kuna bibi alimsimamisha mwenzangu katikati ya sentensi: "Hiyo dawa ya damu daktari aliisimamisha jana." Tukafungua faili. Kweli ilikuwa imesimamishwa.

Nilikojifunzia kazi, ripoti ilisomwa mezani. Kitabu kinafunguliwa, mgonjwa anatajwa kwa namba ya kitanda, "anaendelea na dripu, hana malalamiko", tunaenda kwa mwingine. Hana malalamiko, na hakuna aliyemuuliza! Wagonjwa wanabaki kutazama migongo yetu. Simlaumu muuguzi. Aliyekesha peke yake na wodi imejaa hadi wengine wamelazwa chini, na anayempokea bado yuko kwenye daladala Mafiati, huyo anataka kufunga kitabu akalale.

Ila Julai iliyopita nilikuwa upande wa pili. Nilikuja likizo nikakuta shangazi yangu amelazwa, amevunjika nyonga. Hospitali siitaji. Shangazi ni mtu wa Rungwe vijijini, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Wifi yangu, mke wa mwanawe, ndiye aliyelala naye, boksi chini na kanga juu yake, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo mnaijua. Alijua kila kitu: kwamba mama amekataa uji, kwamba akigeuzwa kulia analia, kwamba mfuko wa mkojo haujaongezeka tangu saa nne usiku. Asubuhi, zamu zilipopokezana, ndugu wote walitolewa nje. Ripoti ikasema ameamka vizuri. Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja, na uligunduliwa madaktari walipopita raundi, jua limeshapanda. Mama mzima kibofu kimejaa usiku kucha, na mtu pekee aliyejua amesimama barazani na chupa ya chai mkononi.

Mpaka leo linaniuma, maana hapo ndipo nyumbani tumewazidi huku. Wazee ninaowahudumia wanaamka peke yao. Ndugu akija ni mchana, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kama alikula. Sisi tuna mtu aliyekesha na mgonjwa macho kwa macho. Tunamtuma dawa, tunampa mashuka afue, halafu wakati ambao angekuwa na la kusema tunamfungia mlango.

Wenzangu hunijibu kwamba vitanda vimebanana, ukitaja dawa za kufubaza virusi wodi nzima imesikia. Wana haki. Hata huku pazia huzuia macho, sauti inapita. Basi habari za VVU, za mimba iliyoharibika, au majibu ambayo mgonjwa bado hajaambiwa na daktari, zibaki mezani. Lakini dripu, kidonda, mkojo, maumivu, hayo jirani wa kitanda anayaona toka jana. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake tisa ya usalama wa mgonjwa mwaka 2007, makabidhiano yalikuwa mojawapo, na ushauri ulikuwa mgonjwa na familia washirikishwe.

Muuguzi naye anapona. Kila aliyefanya kazi wodini anazijua lawama za "mimi nimeikuta hivyo hivyo". Mkisimama wawili mbele ya kitanda mkaona mkono umevimba penye kanula, kile kimpira cha dripu kinachoingia mshipani, mmeona wote, na anayetoka anaondoka moyo mweupe.

Kwa matroni na wauguzi viongozi wa wodi, kuanzia Iringa hadi Tukuyu: sisemi mzunguke vitanda vyote, najua mpo wangapi. Anzeni zamu ya asubuhi peke yake, na wale wachache: aliyefanyiwa upasuaji, aliyelazwa usiku huo, aliye mahututi, na yule asiyejieleza kwa Kiswahili. Huyo wa mwisho, ndugu yake abaki ndani dakika mbili, aulizwe usiku umekwendaje.