Mwaka 1819 wa Brora usimuliwe wote

Wapenzi wa wiski wakianza kusimulia habari za kiwanda cha wiski cha Brora, huanzia 1983. Machi mwaka huo kiwanda hicho cha Sutherland, kaskazini mwa Uskoti, kilizimwa. Wiski ilikuwa imejaa maghalani kuliko wanywaji, na kampuni ya Distillers ikafunga viwanda 11 mwaka mmoja. Vyungu viwili vya shaba vya kunereka vikabaki humo ndani, baridi, kwa miaka 38. Mei 2021 vikawashwa tena. Nilifurahi sana, maana ufundi ule ulistahili kurudi.

Lakini mimi hukaa zaidi na mwaka 1819, wakati mwenye ardhi, Marquess (cheo cha ukabaila) wa Stafford, aliyekuja kuwa Duke wa Sutherland, alipokijenga. Mei mwaka huohuo watumishi wake walikuwa bonde la Strathnaver wakiwatoa watu majumbani na kuchoma mapaa wasije wakarudi. Ardhi ilitakiwa kwa ajili ya kondoo. Waliofukuzwa walisukumwa hadi pwani, wakapewa vipande vidogo vya shamba na kuambiwa wajifunze kuvua samaki, watu ambao babu zao walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Wengine walipanda meli kwenda Kanada.

Kiwanda kilikuwa sehemu ya mpango huo. Wakulima wadogo wa pwani wauze shayiri yao pale, kodi ya mwenye ardhi ipatikane, na gongo waliyokuwa wakipika kwa siri ikome. Hata makaa ya mawe yalichimbwa papo hapo Brora.

Wakati huo kiliitwa Clynelish. Jina hilo lilihamia kiwanda kipya kilichojengwa jirani miaka ya 1960, na hiki cha zamani, kiliporudi kazini 1969 kutengeneza wiski yenye ladha ya moshi kwa sababu ile ya kisiwa cha Islay haikutosha, kikaja kuitwa Brora mwaka 1975. Chupa za enzi hizo leo huuzwa zaidi ya pauni 1,000.

Anayelipa fedha hizo analipia pia ukongwe, na ukongwe huo unahesabiwa tangu 1819. Basi kila panapoandikwa mwaka huo, Strathnaver itajwe kwa jina. Duke ana sanamu yake juu ya mlima Ben Bhraggie, pale Golspie, inaonekana kutoka mbali. Waliomlimia shayiri na kumlipa kodi nao watajwe, hapo hapo kwenye geti la kiwanda.