Watu wazima nao wapewe ala

Mambo ya Uingereza ninayotamani yafike kwetu Unguja si mengi kama ndugu zangu wanavyodhani. Lakini lipo moja linalonitia wivu kila wiki. Huku mtu wa makamo, ambaye hajawahi kushika ala maishani mwake, anaweza kugonga mlango wa bendi ya mtaani kwake, akasema anataka kujifunza, na usiku ule ule akarudi nyumbani na korneti, tarumbeta fupi, aliyoazimwa. Hakuna atakayemuuliza ana kipaji gani, wala atapata faida gani.

Mimi ni muuguzi na mama wa watoto, na napiga korneti ya tatu katika bendi ya matarumbeta ya kijiji kimoja cha West Yorkshire. Upande mmoja ameketi dereva wa lori mstaafu, upande wa pili binti wa skuli. Hakuna anayelipwa, sisi ndio tunaotoa ada kila mwezi. Ala ni mali ya bendi. Ina namba yake, imeandikwa daftarini, na ukihama au ukichoka unairudisha ili mwengine apewe. Yangu imebonyea karibu na mdomo wake mpana, na rangi ya fedha imelika pale vidole vinaposhika. Imeshapita mikononi mwa watu wengi kabla yangu, na itapita kwa wengine nikiondoka.

Nitaeleza kidogo bendi hizi zilivyopangwa, maana siri yote imo humo. Korneti zina safu: ya mbele kwa wapigaji hodari, ya nyuma kwa korneti ya pili na ya tatu. Sehemu ya korneti ya tatu imeandikwa nyepesi. Noti zake ni za chini na mara nyingi ni ndefu, lakini ukiziondoa, muziki unapwaya. Kwa hiyo mwanagenzi ana kazi ya kweli tangu siku anayoingia. Tena karibu ala zote, kuanzia korneti hadi tuba, ile kubwa ya sauti nzito, husoma nota kwa ufunguo mmoja na kubonyeza kwa vidole vile vile. Tuba ikikosa mtu, mpiga korneti huhamia huko bila kuanza upya kujifunza kusoma. Mpango huu umewafikiria watu wanaotoka kazini saa kumi na moja wamechoka.

Msiniambie ni utajiri. Bendi hizi zilijengwa na wachimba makaa na wafuma nguo, watu waliokuwa wakiishi familia nzima katika vyumba viwili. Pale Queensbury, mwaka 1855 kiwanda cha nguo cha John Foster kiliichukua bendi ya kijiji kikaipa ala na sare, na ndiyo Black Dyke inayojulikana hadi leo. Bendi ya mgodi wa Grimethorpe ilianzishwa mwaka 1917. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1993, mji ukabaki na dhiki kubwa, lakini bendi ipo inapiga mpaka sasa. Ijumaa inayofuata Pentekoste bendi huzunguka kwa mabasi katika vijiji vya Saddleworth na Tameside, kila kijiji zinapiga matembezi barabarani na kushindana hadi usiku. Mwamuzi hufichwa, pengine ndani ya karavani lenye mapazia, asione ni nani anayepiga. Bendi kubwa na bendi ya wanafunzi zinapita barabara ile ile.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu sisi jambo hili tulikuwa nalo. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilianzishwa mwaka 1905 kama kilabu cha marafiki, ikaagiza ala kutoka Misri. Kilabu chengine cha taarab, Culture Musical Club, kilianza mwaka 1958. Wapigaji wa vilabu vya namna hii hawakuwa na muziki kama ajira. Mchana walikuwa makarani, mafundi, wavuvi, wenye maduka, na usiku wakakutana kwa ajili ya fidla, udi, kanuni na dumbaki. Beni nayo, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilianza miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, na baadae vikundi vya Arinoti na Marini vikaenea bara. Watu wazima, matarumbeta, sare na ushindani mkali, na hawakungoja serikali wala mfadhili.

Hata ile nafasi ya mwanagenzi tulikuwa nayo. Itazameni safu ya fidla katika taarab asilia. Fidla zote zinafuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kidogo kwa namna yake. Anayejifunza akikaa mwisho wa safu anasikiliza, anashika anachoweza, anaacha kinachomshinda, na wenzake wanambeba.

Kilichotuharibia, kwa maoni yangu, ni kibodi. Sikichukii, na nyimbo za taarab ya kisasa nazicheza harusini kama mtu mwengine yeyote. Lakini tangu miaka ya 1990 mtu mmoja mwenye kibodi anatoa sauti ya fidla, akodiani, besi na ngoma. Kikundi kikapata wepesi wa kusafiri na gharama zikapungua, sawa. Viti navyo vikapungua. Pale walipokaa kumi na wawili sasa wanakaa watatu au wanne, na hao lazima wawe mahodari, maana watu wamelipa kiingilio. Yule fundi seremala aliyekuwa akija na fidla yake baada ya Isha amekuwa mtazamaji.

Vipo vyuo. Kile cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimefanya kazi kubwa Unguja, nami nakiombea kheri. Lakini chuo kina mitaala, ada na vyeti. Muuza samaki wa Darajani mwenye miaka hamsini hahitaji cheti. Anahitaji pahala pa kwenda usiku mmoja kwa wiki, na ala ya kuazima.

Nisipotaja tunachowazidi watu wa huku nitakuwa sikutenda haki. Wenzangu wa bendini ukiwaondolea karatasi wananyamaza. Upepo wa Novemba ukipeperusha nota, wimbo umekwisha, hata kama wameupiga miaka ishirini. Kwetu wimbo unakaa kichwani na kwenye vidole. Na hadhira! Huku watu wanakaa kimya, wanapiga makofi, wanachukua makoti yao. Ile hali ya mama mmoja kunyanyuka na kanga yake, akasogea mbele taratibu kwenda kumtunza mwimbaji pesa kwa sababu ubeti umemgusa mambo ya nyumbani kwake, sijaiona huku. Mpiga ala akiiona siku moja tu, atatamani kurudi jukwaani kila wiki.

La wanawake halina budi kusemwa wazi. Kwa miaka mingi katika vilabu vyetu mwanamke aliimba na mwanamume akapiga. Bi Mariam Hamdani na kikundi chake cha Tausi, wanawake watupu na ala zao, wameonyesha kuwa lilikuwa suala la kufungua mlango tu. Naandika haya nikijua kuwa ningekuwa Unguja leo, na umri huu na watoto hawa, nikasema natoka usiku kwenda kujifunza fidla, ningeulizwa na wakubwa na wadogo nina nini. Huku mume wangu ananiuliza nitarudi saa ngapi, basi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa nje na wa nyumbani. Tunachangishana vizuri sana kwa jezi za mpira, visima na misiba. Tuchangishane na ala, lakini tusimpe mtu binafsi. Ziwe za kikundi, na daftari, na mtu wa kuzitunza. Fidla za mkono wa pili hupatikana kwa urahisi huku kwenye maduka ya hisani, kwa sababu watoto hukua zikawa ndogo kwao, wakaziacha. Mimi ninazo mbili, nyuzi mpya nimeshaziweka. Ikiwa kipo kikundi cha mtaa, Unguja au Pemba, kilicho tayari kuwapokea watu wazima wasiojua kitu, wanawake pamoja na wanaume, na kuwaazima ala bila malipo, nitazitia kwenye kontena la kwanza litakaloondoka. Sharti langu ni moja: wa kwanza kuzishika awe na umri wa zaidi ya miaka arobaini.