Udongo kwanza, macho baadaye

Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne kwenye meza ya kulia chakula hapa kwangu Nkuhungu, Dodoma, kila mmoja na kikosi chake cha vijisanamu saba au nane. Dada wa mmoja wetu alikuja kumfuata mdogo wake, akakuta mchezo haujaisha, akasimama nyuma yetu kutazama. Hakuwahi kuuona. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamnyooshea kidole askari mmoja mwenye upanga, aliyepakwa rangi kwa ustadi ambao mimi siufikii, akauliza: "Huyu kaka mbona kasimama kwenye uwanja wa mpira?"

Tulicheka wote, mwenye askari, ambaye ndiye mdogo wake, akacheka kidogo kuliko sisi. Lakini swali lile limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu dada yule hakuona upanga, hakuona mikunjo ya joho iliyotiwa kivuli kwa tabaka nne za rangi, hakuona hata uso. Aliona kitako, kile kiduara chenye nyasi za kijani ambacho kijisanamu kimesimamishwa juu yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: si bao wala drafti. Ni mapigano madogo ya mezani. Kila mchezaji ana watu watano hadi kumi na wawili hivi, wa plastiki, resini au madini, wenye urefu wa milimita 28. Unawasogeza mmoja mmoja kwa kupima inchi na tepu, na dadu ndizo zinazosema nani kapigwa na nani kaponea chupuchupu. Sisi tulianza kwa kuchangiana boksi moja tukagawana watu, maana kikosi cha watu wanane kinatosha kuchezwa mwaka mzima. Uchache huo ndio unaotunyima kisingizio. Mwenye jeshi la watu mia anaweza kusema muda umemwishia. Mwenye watu wanane hana pa kujificha.

Na muda huo wengi wetu tunaupeleka usoni. Nimewahi kukesha nikitafuta kuweka doa jeupe na doa jeusi kwenye jicho lisilofika nusu milimita. Likatoka kengeza. Nikafuta, nikarudia, likatoka limetumbuka kama la mtu aliyekutana na fisi mlangoni. Mara ya tatu likakubali. Asubuhi nikamweka mezani, nikarudi nyuma urefu wa mkono, jicho halipo. Kilichobaki kuonekana ni kofia, mkuki, na kile kiduara alichokanyaga. Kitako cha kawaida ni cha milimita 25 au 32, na sote tunautazama mchezo huu kutoka juu, tumeinamia meza. Ukimtazama mtu kutoka juu, unaona utosi, mabega, na ardhi nyingi.

Basi msimamo wangu ni huu: anza na kitako, na kitako hicho kiwe ardhi unayoijua. Macho yatasubiri.

Zile nyasi za dukani, nyuzi fupi za nailoni zinazosimama wima, nyingi huja na kijani cha malisho ya Uingereza. Haishangazi. Mchezo huu kwa sehemu kubwa umelelewa huko. Games Workshop, kampuni inayotengeneza vijisanamu hivi, ilianzia London mwaka 1975, na waliotufundisha kupaka walikuwa wakichungulia dirishani wanaona kijani. Mimi nikichungulia dirisha langu mwezi wa nane naona nini? Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Baada ya hapo ni vumbi, mawe, na nyasi za rangi ya mabua. Mtu wa Dodoma akiona kitako cha kijani kibichi, kichwa kinamwambia "uwanja" kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Dada yule hakukosea.

Sasa, wengi wakisikia "tumia udongo wa hapa" wanachota konzi ya mchanga wa ujenzi, wanamwaga juu ya gundi, basi. Matokeo yake ni mabaya, na sababu yake ni hesabu ya darasa la tano. Kama milimita 28 ni mtu wa sentimita 170, kila milimita moja ya mezani ni sentimita sita za kweli. Punje ya milimita mbili, ambayo kwako ni mchanga, kwake ni jiwe la sentimita kumi na mbili, la kumng'oa kucha. Changarawe ya milimita tano ni figa. Ukimwaga mchanga jinsi ulivyotoka kwenye lori, umemsimamisha maskini katikati ya mafiga matupu, halafu unashangaa kwa nini anaonekana mdogo.

Lazima uchekeche. Mimi nina vyombo viwili: chekeche la unga lililotoboka pembeni, ambalo mke wangu ameshalisusa, na kichujio cha chai, ambacho hakukisusa, nilikichukua tu. Mchanga wa korongoni unapita kwenye chekeche kwanza, kisha kichujio, na unabaki na mafungu matatu: mawe, changarawe, vumbi. Kitako kizuri kina vyote vitatu, ila vumbi ndilo lenye enzi. Udongo mwekundu wa mashambani hausumbui, tayari ni laini. Ule mweusi wa mbugani una faida yake ya pekee: ukiupaka mzito kama uji na kuuacha ukauke, unapasuka wenyewe kama lambo lililokauka. Kuna watu wanaagiza rangi maalumu za kupasuka kutoka nje. Sisi tunazikanyaga.

Vyote nakaanga kwenye sufuria kuukuu kabla ya kutumia. Mwanzo sikukaanga, na masika moja vitako vitatu vikaota ukungu.

Hapa nitawaudhi wapenda asili: ukishaubandika udongo, upake rangi. Ndiyo, udongo mwekundu, upake rangi nyekundu. Niligoma jambo hili karibu mwaka mzima. Udongo ni udongo, nikasema, nani ataupaka rangi udongo? Lakini ukiuacha hivyohivyo unaonekana kama poda iliyomwagika. Shida ni mwanga. Huko nje kila bonge lina kivuli chake, jua linachora. Kwenye punje ndogo namna ile kivuli ni chembamba mno, jicho halikioni, hivyo unapaswa kukichora wewe. Napaka kahawia iliyoiva, ikikauka namwagia rangi nyepesi kama maji ya chai ya rangi ili itulie kwenye mashimo, kisha brashi kavu: unachovya brashi kwenye rangi ya matofali, unaifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kuisha, unaipitisha juujuu. Inashika vichwa vya punje tu. Mara ya pili kwa rangi ya krimu, kidogo sana. Brashi yenyewe ni ya poda ya uso, ya duka la vipodozi, maana kazi hii inaua brashi na si vyema kuua ya bei.

Kuhusu gundi, ile nyeupe ya mbao inatosha. Ila vumbi letu ni jepesi: linashika juu na chini linabaki kavu, ukigusa linavuliwa kama ganda. Dawa ni kurudia na gundi iliyozimuliwa kwa maji, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili maji yapenye badala ya kukaa juu kama shanga.

Na hii gundi ya maji ndiyo iliyonifundisha mpangilio kwa uchungu. Nilikuwa na mfanyabiashara mmoja, mzee wa kanzu nyeupe. Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote, nilimpaka siku tano. Alipomalizika nikamtengenezea kitako, nikamwagia maji ya gundi, nikaenda kulala. Usiku ule udongo mwekundu ulipanda na maji kwenye pindo la kanzu, taratibu, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Asubuhi mzee wangu alikuwa kama aliyevuka korongo la Mpwapwa wakati wa mafuriko. Tangu siku hiyo kitako kinatangulia, kinakauka, ndipo mtu anapigwa praima, rangi ya msingi ya kupulizia, pamoja na ardhi yake.

Praima nayo ina siasa zake hapa kwetu. Mwaka wa kwanza kila nilichopulizia kilitoka na vinundu, kama kimepakwa unga. Nililaumu kopo, nikalaumu duka. Aliyenizindua ni fundi wa kupaka rangi magari, mtu mzima, gereji yake iko jirani na kituo ninapopandia daladala. Nilimwonyesha. Akakizungusha kidoleni, akaniambia, "Mwalimu, rangi inakauka kabla haijafika. Sogea karibu, na piga alfajiri kabla upepo haujaamka." Hakuuliza hata kile kijitu ni cha nini. Alikuwa sahihi kwa yote mawili: hewa yetu ya kiangazi ni kavu, upepo wa mchana unabeba vumbi, na matone yanakaukia njiani. Sasa napulizia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya nyumba, ndani ya boksi la viatu. Majirani wameshazoea.

Nyasi? Kamba ya katani. Kata vipande vya sentimita moja, fumua, chovya kwenye gundi, simamisha kishada, kikikauka punguza kwa mkasi. Rangi yake tayari ni ya mwezi wa saba. Kamba niliyonunua Soko la Majengo miaka miwili iliyopita bado haijafika nusu. Na wakati wa zabibu usitupe vikonyo vya kichala. Vikikauka vinakuwa miti iliyopukutika, matawi yake yakiwa na mikunjo ambayo waya hauwezi kuiga.

Mawe ni habari nyingine. Wenzetu wa nje wanamega vipande vya kizibo cha mvinyo na kuvipanga, na vinatoka vizuri, ila vinatoka na matabaka kama vitabu vilivyolazwa. Mawe ya Dodoma hayako hivyo. Yetu ni granaiti, mviringo, makubwa, yamebebana kana kwamba mtu aliyapanga akaondoka. Tazama Mlima wa Simba ukiwa unapita. Vijiwe vitatu vya mviringo vya korongoni vikibebana juu ya kitako, mtu wa hapa anajua mara moja yuko wapi.

Nilipata ujasiri wa kuacha macho nilipokwenda Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Watu wamechorwa kwa rangi nyekundu ya ardhi yenyewe, warefu, wembamba, wengine na nywele au mapambo makubwa kichwani. Nilitafuta macho. Sikuyaona. Lakini umbo la mwili na kichwa vinatosha, unamwona mtu pale, na nilisimama mbali kuliko ninavyosimama na meza yangu. Aliyechora alijua mtazamaji atasimama wapi.

Mwenzetu wa askari wa uwanjani ana hoja yake na sitaificha. Anasema watu wake ni wa nchi ya kubuni, yenye barafu na misitu minene. Wana haki gani ya kukanyaga udongo wa Chamwino? Nikamwambia sawa, lakini tunachezea juu ya meza moja, na meza hiyo tumeipaka wekundu sote pamoja. Mtu akitoka barafuni akaja vitani huku, viatu vyake vitakuwa na vumbi la huku. Akatishia kutengeneza theluji kwa magadi ya kupikia. Nikamkumbusha kuwa magadi yakichanganywa na gundi hugeuka manjano baada ya muda, na theluji ya manjano ina maana yake.

Jana jioni alipiga hodi, ana kisu cha karatasi mkononi na watu wanane mfukoni, nyasi zote zimeshakwanguliwa. Hakusema kitu kuhusu dada yake. Nimempa kopo la udongo mweusi na kipande cha kamba. Mchanga nimemwambia akachote mwenyewe, korongo liko nyuma ya kwao.