Mwambieni kijana anakopelekwa

Shule ya mwanangu hapa Leeds, Uingereza, imenitumia picha ya dereva. Wa kila siku anaenda likizo, basi wametuma sura ya atakayeshika nafasi yake, kijana aizoee kabla ya Jumatatu. Nilifurahi hadi machozi, kisha hasira ikanipanda, maana nilimkumbuka mtoto wa dada yangu kule mjini Arua, Uganda, sasa ana ndevu.

Wote wawili wana usonji, yaani autism, pamoja na ulemavu wa akili, na maneno yao ni machache. Wakiingiwa na hofu hawasemi "naogopa": mmoja hujiuma mkono, mwingine hutoka mbio. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana ugonjwa wa wasiwasi. Si ukaidi, wala si mashetani. Badilisha njia, badilisha mtu, washa jenereta ghafla, na hofu inamshika mwili mzima.

Na sisi nyumbani tunavyopenda kushtukiza! Kijana anaamshwa alfajiri, anapandishwa boda, hajui kama ni kliniki, msiba au shule mpya. Akipiga kelele, kiboko. Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza kiboko shuleni tangu marekebisho ya 2016, lakini mwalimu mmoja alimwambia dada bila haya kwamba dawa ya huyu ni fimbo.

Najua mtasema nimekuwa mzungu, na kwamba huku wana pesa. Picha ni shilingi ngapi? Simu mnazo, kila harusi mnapiga mpaka chaji iishe. Pigeni ya kliniki, ya daktari, ya boda yenyewe. Mwonyesheni usiku, mwonyesheni tena asubuhi.

Wala sisemi huku ni peponi. Foleni ya kupimwa usonji Uingereza inachosha, na jirani yangu hajui hata jina la mwanangu. Kule Arua, yule akitoroka, wauza chapati humshika mkono wakamrudisha kwa mama yake. Hilo ni letu, na najivunia popote nilipo. Sasa watu wenye moyo huo wanashindwaje kumwambia kwanza anakopelekwa?

Nimemwomba shemeji apite hospitali leo apige picha ya geti na benchi la kusubiria. Alhamisi kijana ana miadi, na mpaka sasa hakuna aliyemwambia.